Dulcie na Kombe la Kuchemsha Kopo

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida, Dulcie alinifokea kwa sababu ya kuni. Nilikuwa nimepasua msonobari nyuma ya nyumba, nikaona nimefanya kazi. Yeye akaokota kibanzi kimoja, akakiinua juu.

"Merv, hii ni kuni au mguu wa meza?"

"Itawaka."

"Itawaka Krismasi. Pasua tena, mzee. Nyembamba."

Nikapasua tena. Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya kilimo. Jumatatu alianguka chini ya kamba ya nguo, hakuamka tena, na nguo alizokuwa anaanika zilikuwa zangu. Hilo nimelisema, sitalirudia.

Dulcie alizaliwa kambini. Baba yake aliswaga ng'ombe, mama yake aliwapikia waswagaji, na mtoto akajua kuwasha moto kabla hajavaa viatu. Mvua ikinyesha alitafuta mti ulioinama, maana upande wa chini gome la kuwashia moto halilowi. Akiona vindege vya nyasi vinaruka chinichini jioni, alisema maji yako kule, na kweli yalikuwa kule. Mimi nilifika kambini kwao kujenga ua wa nyaya, kiberiti kimelowa chepechepe. Nikakaa napuliza majani mabichi mpaka machozi yakanitoka. Akaja msichana, akanisukuma kando kwa goti.

"Kaka, unapika au unaomboleza?"

Akawasha yeye, na kopo la chai lilipoanza kuguna akaniambia, likiguna hivi, tia majani. Nikamwoa. Ningefanya nini? Nilikuwa na njaa.

Tulikwenda porini kila baridi ilipoanza, hata tulipozeeka. Yeye alisoma nyayo, mimi nilizikanyaga. Mara moja nilienda haja nyuma ya kichaka, nikapotea. Alinipata kwa kufuata matawi niliyovunja, akasema hata ng'ombe kipofu huharibu kidogo kuliko mimi.

Kitu kimoja hakukipata: kombe la kuchemsha kopo. Kwetu kila maonyesho watu hushindana wawili wawili. Mmoja anapasua kuni, mwenzake anawasha, na maji ya kwenye kopo hutiwa sabuni ili yakichemka povu limwagike, kila mtu aone nani kawa wa kwanza. Nev Tooley, muuza nyama, alilichukua mwaka baada ya mwaka. Dulcie wa pili. Mwaka huo daktari alimwambia kifua chake hakitaki moshi tena. Dulcie akamjibu, "Baada ya Jumamosi." Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi.

Uwanjani tulimkuta Nev ameshakunja mikono ya shati.

"Dulcie, umemleta tena huyo babu? Mpe kiti akae."

"Chunga nyusi zako, Nev. Mwaka jana ziliungua."

Coral, mwamuzi wetu, akapuliza filimbi. Nikapasua. Siku hiyo nilipasua vizuri, na kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema, nalisema mwenyewe. Dulcie akapiga magoti. Alikuwa amefikicha gome mpaka likawa kama nywele. Akalitandika upande upepo unakotoka, akapanga vibanzi juu yake. Njiti moja tu. Ndimi za moto zikalala chini ya kopo, zikalikumbatia. Akakohoa, hakuinuka. Kopo la Nev lilikuwa bado kimya. Letu likaanza kuguna.

"Merv, usiguse kitu," akasema.

Sikutaka kugusa. Nilisimama tu. Lakini nimeishi na kopo linaloguna tangu ujana wangu, na likiguna hivyo mkono wangu unajua kazi yake: unaingia mfuko wa shati, unachota majani ya chai, unatupia. Niliuona ukienda. Nilidhani ni mkono wa mtu mwingine.

Povu likamwagika kabla ya la Nev. La kahawia. Watu wakapiga kelele, halafu wakasogea kuchungulia. Coral akainama, akanusa.

"Merv, hii nini?"

"Chai."

"Maji na sabuni tu, baba. Ndiyo kanuni. Mmetolewa."

Nev alicheka mpaka akaegemea shoka. "Dulcie! Huyo mzee mrudishe dukani, wakubadilishie!"

Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilijua hakuna mwaka mwingine, na yeye alijua. Nikasikia sauti kama ya mtu anayelia, nikaogopa kuinua macho. Nilipoinua, nikamkuta amekaa chini kwenye majivu, masizi usoni, anacheka mpaka pumzi zinamkata. Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikamwinua. Akajifuta macho kwa shati langu, halafu akamgeukia Nev, akasema:

"Kombe chukua, Nev. Huyu nimemfundisha jambo moja tu maisha yetu yote, na leo kalifanya bila kukumbushwa."