Senga Katikati ya Buluu

Senga Kinnear alikaa jukwaa letu pale Dens, uwanja wa klabu yetu ya Dundee, kwa misimu mingi, na hakupiga makofi hata mara moja. Tukifunga bao, alitazama kucha zake. Tukifungwa, alitazama mbele kwa adabu kama yuko kanisani, ila mashavu yalikuwa yanatoa siri yake. Mtu wa United, watani wetu wa mji huu huu, utosi hadi unyayo, ndani ya jukwaa la Dundee, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Vijana wanaokalia viti vile sasa wanadhani nawapigia porojo. Mimi nilikuwepo, kiti cha pili kutoka kwake.

Mimi ni Eck Lamond, fundi rangi mstaafu, na ni Buluu, yaani mtu wa Dundee, tangu tumboni mwa mama. Niliishi chini ya akina Kinnear kwenye lile jengo la mawe pale Hilltown, mlima ambao ukiupanda na mfuko wa viazi unafika juu umesahau ulichonunua. Mumewe Senga, Dod, alikuwa Buluu mwenzangu. Tulikaa pamoja uwanjani tangu tukiwa na nywele. Ilikuwaje mtu mwenye akili zake akamwoa binti wa Machungwa, maana ndivyo tunavyowaita United kwa jezi zao zile, hakuwahi kunieleza nikaridhika. Alisema walikutana kiwanda cha juti, yeye akitengeneza mashine na Senga akifuma, na kule wanawake wote walivaa aproni za kijivu. Alipokuja kujua rangi yake ya kweli, posa ilikuwa imeshakubaliwa.

Huyo Senga alikuwa na mdomo. Mwaka mmoja alinishukia na kopo la rangi, anataka nimpakie rangi kuta za jikoni. Nikafungua kifuniko, nikaona chungwa limeiva. Nikamwambia, "Jirani, brashi yangu haijawahi kugusa uchafu huo na haitagusa." Akachukua kopo lake, akapaka mwenyewe Jumamosi nzima, madirisha wazi, akiimba nyimbo zao ili nisikie vizuri. Dod alikula uji humo miaka yote iliyofuata akiwa ameupa ukuta mgongo.

Siku za derby, timu zetu mbili zinapokutana, walipanda mlima pamoja, wameshikana mikono, yeye na skafu yake na mume na yake. Kwenye kona ambapo mashabiki hugawanyika, kila mmoja na lango lake, walisimama, wakapeana busu, na Senga akamwambia, "Nenda kalie salama, mume wangu." Jioni aliyefungwa alikuwa mtumishi. Ilikuwa sheria ya nyumba ile: anayefungwa ndiye anayeamka kuandaa chai ya asubuhi mpaka derby nyingine ije. Na kabla ya hapo walibishana. Jamani, walibishana. Penalti, kadi, nani alimsukuma nani. Mimi huku chini nilikuwa nagonga dari kwa ufagio.

Halafu kiharusi kikampiga Dod, majira ya majani kupukutika, akiwa amesimama kwenye foleni ya mikate. Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala, na kinywani amebakiwa na maneno mawili tu: sawa sawa. Unataka chai? Sawa sawa. Mguu unauma? Sawa sawa. Ukimwuliza jina lake, sawa sawa. Macho yake yalikuwa macho ya Dod yule yule, yanakusikia, yanacheka panapochekesha, lakini mlango wa maneno ulikuwa umejifunga. Juu kukawa kimya. Ufagio wangu ukakaa pembeni, na sikuwahi kudhani ningekuja kuchukia kimya cha watu wale kiasi kile.

Mtaalamu wa kufundisha kusema, msichana mpole anayeitwa Catriona, alikuja na picha zake: kikombe, paka, kiatu. Dod aliviangalia vyote na kuvikubali. Sawa sawa. Catriona alimwambia Senga asikate tamaa, kwamba wakati mwingine neno hupita njia ambayo mtu hakuitarajia. Lakini siku zilivyokwenda akawa anasema hivyo kwa sauti ndogo zaidi.

Asubuhi moja Senga alishuka kwangu, akaketi mezani bila kuvua aproni.

"Eck, hata kunikera hawezi tena."

"Atapona, Senga."

"Usinifariji, hujui kufariji. Mimi sitaki mengi. Sitaki hotuba. Nataka aniite jina langu mara moja, nijue bado ananijua mimi ni nani. Basi."

Nilimmiminia chai. Ni kweli, sijui kufariji.

Derby ya mwezi wa kwanza ikakaribia, nyumbani kwetu Dens. Dod alianza kugonga ratiba kwenye gazeti kwa kidole chake kizima, kila siku, akimtazama mkewe. Senga akaniomba nimpeleke. Nilitamani, lakini nyonga yangu wakati huo haikuweza kusukuma hata mkokoteni wa dukani, na uwanjani walitaka mtu wa kiti cha magurudumu awe na msaidizi mwenye nguvu pembeni yake. Mtoto wao yuko Australia. Tukawataja wawili watatu, kila mmoja Dod akatikisa kichwa. Mwisho akanyoosha kile kidole, akamgusa Senga kifuani.

"Mimi?" Senga akasema. "Niingie mle? Niketi na hao?"

"Sawa sawa," akasema Dod.

Dada yake Senga, Rena, Machungwa mkali kuliko yeye, alipopata habari alikuja mbio. "Mama angekuwa hai angekukana," akamwambia. Senga akampa tiketi yake ya upande wa United, akamwambia akae na watu wenye akili timamu, yeye ana mgonjwa.

Siku ilipofika, ya kwanza ya misimu yake yote ile kwetu, Senga alivaa koti la kijivu na kofia ya kijivu, hana skafu, kama mtu anayekwenda mazikoni. Teksi ikatuacha langoni. Mlinzi wa mlangoni, jitu moja lililokulia mtaa wetu, likamtambua mara moja.

"Mama Kinnear, umepotea? Lango lenu liko kule."

"Nimemleta mgonjwa."

"Mgonjwa ni yupi kati yenu?"

"Fungua mlango, mwanangu, kabla sijamwambia mama yako unachofanya siku za kazi."

Alifungua. Akashika kiti cha Dod mwenyewe, akakipitisha kizingitini taratibu, akamfunika blanketi magotini. Watu wetu walikuja mmoja mmoja kumshika Dod bega. Mwingine akaleta pai ya nyama, Senga akamkatia vipande vidogo na kumpulizia. Kila aliyempa Dod mkono alimpa na Senga, na wote walijua ni nani. Wengine walijikausha wasicheke.

Timu zilipoingia, jukwaa likaanza kuimba, na Dod akaimba. Nasema akaimba, maneno kamili, yamepinda kidogo upande wa mdomo lakini ni maneno. Senga aligeuka akamkodolea macho. Wimbo ulipokwisha alimwinamia haraka.

"Dod, unasikia baridi?"

"Sawa sawa."

Niliona mabega ya Senga yakishuka. Akamfunga kola vizuri, akatazama mpira.

Mchezo wenyewe ulikuwa mbovu, upepo unapeleka mpira unakotaka. Kipindi cha pili, bado sare tasa, United wakapata mpira katikati, pasi ndefu ikapita juu ya mabeki wetu waliolala, na yule mshambuliaji wao mwembamba akabaki na kipa peke yake. Akafunga. Upande wa pili ukalipuka, na upande wetu, katikati ya maelfu ya Buluu waliokaa kimya, mama mmoja mwenye koti la kijivu akaruka juu mikono yote miwili hewani.

Hakukusudia, naapa. Mwili ulimtangulia. Mambo ya miaka zaidi ya hamsini hayangoji ruhusa. Kila kichwa kikageuka. Akabaki amesimama vile vile, mikono juu, uso umeiva, hajui aishushe namna gani. Nilikuwa natafuta neno la kuwaambia watu ndipo nikasikia sauti nzito iliyokwaruza, ya mtu asiyetumia koo lake muda mrefu.

"Keti, Senga. Ameotea."

Tukatazama pembeni ya uwanja. Mshika kibendera alikuwa amesimama, bendera yake imenyooka juu. Mwamuzi akapuliza, bao likakataliwa, jukwaa likalipuka kwa shangwe, na nusu ya watu wale hawakuwa wakishangilia bendera. Waliokuwa jirani walikuwa wamesikia. Lile jamaa la nyuma yangu, ambalo sijawahi kuliona likitoa hata chozi la kitunguu, lilikuwa linafuta macho kwa skafu.

Senga hakuketi. Alipiga magoti kwenye saruji baridi mbele ya kiti, akamshika uso.

"Umesemaje?"

Dod akahangaika, midomo ikatafuta. "Ameotea," akasema. Kisha, polepole zaidi, "Senga."

"Hakuotea, mzee wewe," Senga akasema huku machozi yanamtiririka. "Hakuotea hata kidogo."

"Ameotea."

Wakaendelea hivyo mpaka filimbi ya mwisho, na sijui kama kuna aliyeona mpira. Tulitoka sare. Mimi nilimshukuru Mungu, na nikamshukuru mshika kibendera, na siku ile, nisikilizeni vizuri kwa kuwa sitarudia, niliwashukuru hata United kwa kushambulia.

Kesho yake, Jumapili, Senga aliniita juu nile nao nyama ya kusaga na viazi. Nilikaa jikoni, kwenye zile kuta za chungwa, Dod ameupa ukuta mgongo kama kawaida, mechi za jana zikirudiwa kwenye televisheni. Rena akaingia bila kubisha hodi, koti hajavua.

"Mmeona? Mmeona au bado?"

Ndipo wakaonyesha. Wakasimamisha picha, wakachora mstari. Beki wetu wa kushoto alikuwa amelala nyuma kabisa, na yule mwembamba alikuwa hatua nzima upande wa halali. Hakuotea. Mimi Buluu nakiri kwa kinywa changu, hakuotea, mtu mwenye jicho moja angeona.

"Tumeporwa," Rena akasema. "Tumeporwa mchana kweupe. Senga, ongea."

Huyu Senga namjua. Kwa miaka yote ile hajawahi kukubali kwamba mtu wa United aliwahi kuotea, wala kucheza rafu, wala kujiangusha. Kwa neno hilo moja aliwahi kususa harusi ya binamu yake. Alikuwa amesimama jikoni na kijiko mkononi, anaitazama ile picha iliyosimama na mstari wake. Halafu akamtazama mumewe, aliyekuwa anahangaika na kiazi kwa mkono wa kushoto.

"Aliotea," akasema.

"Nini? Senga, huna macho? Mstari si huo hapo?"

"Naona mstari."

"Sasa?"

"Dod amesema aliotea," Senga akajibu, akamwongezea mumewe mchuzi. "Kwa hiyo aliotea. Kaa ule, Rena, chakula kinapoa."