Gunia Limeambiwa

Kampuni ya chai ilipomleta Beverlyne kwenye kituo chetu cha kupimia majani, hapa Birongo, nilijiuliza: hivi kiongozi hutengenezwaje? Huyu nilimjua. Ameolewa boma la jirani yangu, na kazi yake ilikuwa ukarani kiwandani. Sasa tukaambiwa anaandaliwa kuwa mkuu wa vituo vyote vya upande huu, kwa sababu mkuu wa sasa, Mzee Anyona, anastaafu.

Anyona alivuta kiti chake pembeni, akakunja mikono.

"Mzee, kwani humfundishi?" nikamuuliza, mtoto niliyembeba mgongoni akinivuta kitambaa.

"Namfundisha. Huoni nimenyamaza? Ijumaa meneja ataniuliza kama anaweza. Nitasema nilichoona."

Nami nikaanza kutazama.

Beverlyne alichambua kapu langu. "Dada Sharon, majani mawili na chipukizi. Haya magumu mpelekee mbuzi." Tukacheka, nikayatoa. Mama Nyangate naye akarudishiwa kapu lake zima akachambue upya.

Kisha akafika Mzee Machogu, baba mkwe wa Beverlyne, na gunia la majani yaliyokomaa kabisa. Beverlyne akainamisha macho. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima kati ya mke na baba mkwe. Humkaripii, hata kumtazama usoni ni shida. Akanigeukia mimi.

"Sharon, mwambie baba majani yake ni magumu."

Machogu alikuwa amesimama papo hapo. "Mwambie mvua ilinizuia kuchuma."

"Mwambie baba..." Akakwama. "Mwambie aweke kwenye mizani."

"Aa! Kumbe dawa ni kuwa na mkaza mwana kwenye kampuni!" Mama Nyangate akapaza sauti. "Wanangu, oeni makarani!"

Foleni nzima ikacheka. Beverlyne hakucheka. Anyona alisogeza kiti chake karibu na mizani. Hapo hata mimi nilielewa kwamba kazi ilikuwa inamponyoka Beverlyne.

Siku ya kupima iliyofuata, Machogu akaja tena na gunia lile lile, na majani ni magumu vile vile. Nikajiandaa kutumwa. Lakini Beverlyne hakuniangalia. Aliinama, akalishika gunia masikio kama mtoto mtundu.

"Wewe gunia, umekuja na majani magumu. Juzi nilikupokea, nikamkosea Mama Nyangate. Leo hupandi mizani yangu. Nenda ukachambuliwe."

Mama Nyangate akaziba mdomo kwa leso. Machogu alilitazama gunia, akalitazama tena.

"Gunia," akasema taratibu, "twende. Umeambiwa."

Akaliburuta mpaka kando ya ua, akaketi kuchambua.

Anyona akainuka, akabeba kiti chake.

"Mzee, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kibandani, ninywe chai. Hapa sina kazi tena."

Mpaka leo natamani kujua: jioni ile Beverlyne alipompelekea baba mkwe chakula, nani alianza kusema, na alikuwa akiongea na sahani ama na nani?