Mikono Chini ya Boneti

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mchungaji wangu nilimsimulia, akaniombea. Dada yangu akasema ni uchovu. Uchovu gani? Ilikuwa asubuhi, nimelala vizuri kwa mama yangu kijijini Murusagamba, nimekunywa na uji, narudi zangu Ngara mjini na ndizi nyuma ya gari.

Gari lenyewe aliniachia marehemu mume wangu, Deo. Alikuwa fundi umeme wa magari, na alipoondoka tu gari likaanza kuugua, kama vile nalo limefiwa. Halina sailensa, yaani injini haitulii yenyewe: ukisimama bila kukanyaga mafuta linatetemeka, linazima. Taa ya injini inawaka muda wote. Mafundi wa Ngara na wa Biharamulo walilipima kwa kompyuta, ikawaambia kuna hitilafu ya umeme kwenye valvu ya taimingi, ile inayofanya milango ya injini ifunguke mapema au ichelewe. Wakabadilisha valvu. Wakabadilisha tena. Taa ikawaka vilevile, nami nikazoea kuendesha hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, huoni hata migomba ya kando ya barabara. Kwenye mlima nikasimama kumpisha mzee mmoja na ng'ombe wake, gari likazima. Mzee akapita. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaangalia ndani kama vile najua ninachotafuta, kisha nikarudi kwenye usukani kujaribu tena. Hapo nikasikia sauti ya mwanamume mbele ya gari, nyuma ya boneti.

"Washa."

Nikadhani ni mpita njia mwenye huruma. Nikamshukuru, nikawasha.

"Kanyaga kidogo. Turia hapo hapo."

Huku kwetu wengi wanachanganya l na r, kwa hiyo sikushtuka. Deo naye alikuwa hivyo, na nilimtania miaka yote ya ndoa yetu, mpaka binti yetu Lina akawa anajiita Rina makusudi ili amchekeshe baba yake. Sasa, boneti ikiwa wazi, chini yake hubaki upenyo mwembamba. Ukiinama unaona injini kidogo. Nikainama. Nikaona mikono miwili, na rola la tepu nyeusi limevaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili.

Ni nani mwingine ninayemjua anavaa tepu hivyo?

Mkono ukachomoa soketi ya valvu. Injini ikatulia. Ukairudisha, injini ikatetemeka, nikaongeza mafuta isizime.

"Varvu ni nzima," akasema. "Ni waya. Umeme unafika wakati haujaitwa. Usitoe mguu, Mama Rina."

Niamini, sikuwa nimemtajia jina la mwanangu.

Vidole vikaanza kuufuata waya polepole, vikiuinua kipande kwa kipande, na injini ikiendelea kulalamika. Vilipofika kwenye kona moja, ikatulia. Akauachia waya, ikatetemeka tena.

"Ni hapa. Umesuguriwa na chuma, umechubuka."

"Deo?" nikaita.

Mikono ikasimama.

"Rina anasoma?"

"Anasoma. Yuko darasa la nne."

"Sawa."

Tepu ikaanza kuzungushwa.

"Deo, nataka kukuona."

"Nimarize kwanza. Usitoe mguu."

Wewe ungeweza? Mtu uliyemzika kwa mikono yako, na sasa kati yenu kuna bati tu? Hamu niliyokuwa nayo ilikuwa inaniuma mpaka kwenye mbavu. Nikatoa mguu. Gari likazima, nikaruka nje, nikazunguka mbele.

Hapakuwa na mtu. Waya ulikuwa umevutwa nje, shaba yake inaonekana, na tepu imezungushwa mara moja tu, ncha inaning'inia. Nikamwita Deo barabarani pale mpaka yule mzee wa ng'ombe akarudi kuniuliza nimepotelewa na nini. Yeye hakuona mtu akipita.

Nilipofika mjini, fundi akachungulia, akasema, "Dada, aliyekutafutia hii anajua kazi. Ngoja nimalizie, ni tepu tu." Nilifunga boneti nusura nimbane vidole. Mpaka leo sijaruhusu mtu aguse. Gari linazima kila ninaposimama, watu wa stendi wananicheka, na Lina ananiuliza kwa nini hatulitengenezi. Nikifika mlima ule naliacha lizime, nafungua boneti, nakaa kwenye usukani nasubiri. Alisema amalize kwanza, na hajamaliza.

Kwa hiyo nisikilize vizuri wewe uliyefiwa. Mtu wako akikujia akakupa kitu cha kushika, kishike. Usikimbilie kumwona. Ongea naye, acha achukue muda kwenye kazi yake kadiri anavyotaka. Mimi nilikaa pale muda wote ule, mguu kwenye mafuta, ananisikia, na sikumwambia hata kwamba nimemkumbuka.