Polixeni Azima Gari

Polixeni hakuwahi kuzima gari kijijini kwetu Kambaki. Alifika kila Alhamisi na ule mkweche wake wa mboga, injini ikitetemeka, spika juu ya paa ikipayuka viazi, kabichi, machungwa matamu, tokeni kina mama. Aliuza injini ikiunguruma, akapima injini ikiunguruma, akaondoka. Vijiji vya mlimani alizima bila wasiwasi, maana huko kuna miteremko: unaachia breki, gari linashuka, unatia gia ya pili, unaachia klachi, limewaka. Lakini Kambaki ni tambarare kama sinia. Likikuzimikia hapo, umekwisha.

Tatizo lilikuwa stata. Siku nyingine ukigeuza ufunguo iliitika mara moja. Siku nyingine ilisema tak, ikanyamaza. Shemeji yake, bingwa wa kila kitu isipokuwa kazi, alishikilia kuwa ni betri. Polixeni akanunua betri mpya. Tak. Akanunua nyingine. Tak. Mwanamke huyu, tangu mumewe Stergios afariki na kumwachia gari na mizani, alikuwa amejifunza kubeba magunia, kugombana na wakulima na kuendesha kwenye theluji, halafu anashindwa na stata! Na kumwambia mtu aliona haya. Wangemwambia si tulikwambia ukae nyumbani.

Sasa, mkabala na anapoegesha pana mgahawa wa kahawa, na nje yake hukaa Argiris, mgane, fundi wa matrekta aliyestaafu, masharubu yamechanwa yakachanika. Kila Alhamisi hununua limau moja. Limau moja jamani, na uani kwake mna mlimau uliozaa hadi matawi yakawekewa nguzo, kijiji kizima tunauona. Akishalipokea husema, "Zima gari, Bi Polixeni, tunywe kahawa." Naye hujibu, "Siku nyingine, Argiris." Kisha anaondoka akijitukana njia nzima.

Alhamisi moja ya Machi Argiris alikuja na shati lililopigwa pasi. Akachukua limau lake, akaligeuzageuza mkononi.

"Leo nauliza mara ya mwisho," alisema. "Mtu mzima nina aibu zangu. Ukikataa, sitakusumbua tena."

Polixeni alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Kipaza sauti kilikuwa mapajani mwake, na swichi yake ilikuwa na tabia ya kukwama. Kwa kelele za injini hakujua kama kimezimwa au la.

"Sijakukataa wewe hata siku moja," alisema. "Hiyo kahawa naitaka tangu msimu wa zabibu. Ila nikizima gari haliwaki, stata mbovu, na hapa kwenu hakuna hata tuta la kuliteremshia. Umeelewa, au nikuchoree?"

Argiris akaanza kucheka, mabega yanaruka. "Miezi yote hii ni stata?"

"Ni stata."

"Mimi nilidhani ni masharubu."

"Masharubu hayana neno."

"Basi zima niiangalie."

"Isipowaka je?"

"Utakaa."

Akazima. "Nimezima," alisema, na sauti yake ikatoka juu ya paa, ikagonga ukuta wa kanisa, ikarudi: nimezima. Madirisha yote yalikuwa wazi zamani. Bi Fotini, mke wa mwokaji, alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono imejaa unga, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Endelea, shoga," alisema. "Tulifika kwenye masharubu."

Polixeni alitamani ajifukie kwenye kabichi, lakini kicheko kilimwahi, akacheka mpaka akaegemea usukani. Argiris yeye alikuwa ameinua kidole, uso umeshakuwa wa kazi.

"Subiri kwanza. Injini imezimwa na spika bado inatoa sauti yote hiyo? Geuza ufunguo, na hicho kipaza sauti usikiguse."

Akageuza. Tak, spika ikakiambia kijiji, na mvumo wake haukufifia hata kidogo.

"Betri haina kosa," alisema Argiris. "Ingekuwa imechoka, spika nayo ingezimia. Umeme unafika kwa stata, unaishia mlangoni."

Akaenda kuchukua nyundo kwake, akafungua boneti, akamwambia ashikilie ufunguo. Akaigonga stata taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Gari likawaka. Tulipiga makofi, hata padri.

"Ni kaboni za ndani, zile za kupitishia umeme, zimelika, hazigusi vizuri," alisema. "Ukigonga zinakumbuka kazi. Nitakutafutia mpya. Kwa leo nyundo itakufikisha, chukua, nenda kauze."

Akamkabidhi nyundo dirishani, akarudi nyuma kumpisha. Kahawa hakuitaja. Alishasema ni mara ya mwisho, na Argiris ni mtu wa neno lake.

Polixeni aliisikiliza injini. Haikuwahi kuunguruma vizuri namna ile. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake, na kijiji cha pili walikuwa wanangoja machungwa.

Akazima. Akakiinua kipaza sauti mdomoni, safari hii akijua kimewashwa.

"Kahawa yangu sukari kiasi," spika ikatangaza. "Na anayetaka viazi ajipimie mwenyewe."