Fungu la Dada

Dada yangu alikufa akilalamikia baridi. Saratani ya titi ilikuwa imeshasambaa tulipompeleka hospitali. Miaka miwili baadaye uvimbe ukanitokea mimi, ila mimi niliwahi. Mbeya walinitoa titi, kisha daktari akanieleza kwamba ugonjwa wangu ulikuwa unalishwa na homoni za mwili wangu mwenyewe, na kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano, kingeunyima chakula.

"Usiruke hata siku moja, mama," alisema. Nilitaka kuishi, sikuruka.

Nilirudi kwa mama yangu Mufindi mwezi wa Julai, ukungu umetanda mpaka mlangoni. Wenzangu wamejifunika mablanketi, mimi jasho linanitiririka mgongoni. Joto lilianzia kifuani, upande usio na titi, likapanda hadi masikioni. Daktari alishanionya kwamba ni dawa. Mama hakukubali.

"Ni dada yako huyo," alisema, akichochea kuni. "Amekuja kuota moto kwako."

Nilicheka. Lakini kila joto lilipokuja nilijikuta nasogea kidogo kwenye benchi, kama ninayempisha mtu.

Kisha vidonge vikaanza kupungua. Bahasha ya mwezi mzima ilibaki na vinne, na tarehe ya kurudi Mbeya bado wiki mbili. Nikadhani nimechanganyikiwa, nameza mara mbili mbili. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilijiona namfuata dada.

Kesho yake asubuhi nilimwona mama anatoka na bahasha, nikamwandama kwenye ukungu mpaka makaburini. Kwetu, chakula kipya kikiingia nyumbani, marehemu hutengewa fungu lake. Nilimkuta amechutama, anaweka kidonge changu juu ya udongo, kando ya vingine.

"Mama! Unaniua!"

"Mwenzako alikufa hata kimoja hajakionja," alisema bila kugeuka. "Wewe unapona, yeye bado anaumwa."

Nilipiga magoti nikaanza kuviokota, huku nalia kwa hasira. Vilivyopungua, na hicho cha asubuhi, vilikuwa kumi na kimoja. Juu ya kaburi vilikuwa sita.

"Vingine umeviweka wapi?"

Mama alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Si amemeza."

Joto likaanza kupanda kifuani. Nikapangusa udongo kwenye kidonge kimoja, nikakimeza palepale bila maji, mbele yao wote wawili.