Veneranda na damu ya ng'ombe wa mama yake

Ukungu wa asubuhi bado umeng'ang'ania vioo vya madirisha ya maabara, hapa jijini Mbeya. Ndani, Veneranda Kalinga amevaa glovu mbili mbili, moja juu ya nyingine, na barakoa inayomwachia macho tu. Anadondosha tone la majimaji ya damu ya ng'ombe juu ya kigae cheupe, analiongezea tone la dawa ya rangi ya waridi, anakoroga kwa kijiti, kisha anakiinua kigae na kukiyumbisha polepole, kama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala.

Rangi ikibaki laini, ng'ombe huyo ni mzima. Ikianza kufanya chengachenga, mfano wa maziwa yaliyokatika, kuna mfugaji mahali fulani ambaye wiki yake imekwisha kuharibika naye hajui.

"Huyu ana chenga," anasema hatimaye. "Masikini. Na alikuwa ng'ombe mzuri."

Mwenzake wa meza ya pili, Muhidini, anacheka chini ya barakoa. Anataka kujua uzuri wa ng'ombe unaonekanaje kwenye tone la damu. Veneranda anamjibu kwamba kwake yeye ng'ombe wote ni wazuri mpaka wathibitishwe vinginevyo, na anachukua chupa inayofuata.

Hii ni maabara ya rufaa ya ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao wataalamu wanauita brusela. Damu iliyowatia shaka maofisa mifugo wa wilayani huletwa hapa ikatolewe neno la mwisho. Chupa zinakuja kwa mabasi, ndani ya visanduku vya barafu: leo kutoka Iringa, kesho kutoka Chunya, na za Chunya hufika na vumbi jekundu hadi kwenye vifuniko.

Ugonjwa wenyewe una hila. Ng'ombe hutupa mimba mara moja, pengine mbili, halafu anazaa vizuri na kukamuliwa kama kawaida, huku vimelea vikitoka ndani ya maziwa yake. Binadamu huvipata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa na kondo lake. Homa inakuja jioni, inaondoka, inarudi. Viungo vinauma. Mtu anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, anatibiwa uchovu, na bado haponi.

Veneranda, mwenye umri wa miaka 38, amefanya kazi hii kwa miaka kumi na miwili, nayo imemharibia jina kwenye sherehe. Hanywi mtindi wa mtu asiyemjua. Sokoni Mwanjelwa, muuza maziwa wake, Mwantumu, akimwona tu anatangaza kwa sauti kwamba maziwa yamechemka mpaka yameomba msamaha. Mashemeji wanamwita mwenye maringo. Amezoea, na wala hajitetei.

Ila kuna mtu mmoja ambaye mbele yake hakuweza kunyamaza hivyo: mama yake mzazi.

Mama Apolonia anaishi katika kijiji kimoja cha baridi wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kule ambako njegere na mapeasi vinastawi na moto jikoni hauzimwi hadi mchana. Amekuwa mjane tangu Veneranda akiwa darasa la tano. Miaka sita iliyopita kikundi cha wanawake cha parokia kilimkopesha ng'ombe, akamwita Maua. Masharti yake yanafahamika huko kote: ukipewa ng'ombe, mtamba wake wa kwanza, yaani jike ambaye hajazaa bado, unampa mwenzako anayefuata kwenye zamu. Siku ya kukabidhi ni siku ya heshima. Watu hukusanyika baada ya misa, padri hubariki, anayetoa humpa anayepokea kamba, na kuanzia hapo ng'ombe uliyekopeshwa ni wako kabisa.

Aliyekuwa akisubiri kwa Mama Apolonia ni jirani yake Bertha, mjane pia, mwenye wajukuu watatu wadogo anaowalea mwenyewe. Banda la Bertha lilikuwa limekamilika siku nyingi. Wajukuu walikuwa wamekwisha kumchagulia mtamba jina.

Mwaka jana, wakati wa kipupwe, Veneranda alikwenda likizo akamkuta mama yake ameshika kiuno. Aliulizwa, akasema ni uzee. Jioni akamwona anatetemeka mbele ya moto, asubuhi akamwona mzima anachota maji. Kwenye zahanati alikuwa ametibiwa malaria mara kadhaa mwaka huo. Roho ya Veneranda haikutulia. Alimwomba ofisa mifugo wa kata achukue damu ya Maua na ya mtamba wake, na akamshawishi mama yake apimwe hospitali mjini.

Chupa mbili za Kilolo zilipofika Mbeya, Veneranda aliziona, akavua glovu, akatoka nje. Pale maabara kuna kanuni ambayo hakuna anayeichezea: damu ya ng'ombe wa ndugu yako husomi wewe. Jicho la ndugu, anasema, linaweza kuona laini mahali penye chenga.

"Nilisimama nje karibu na tangi la maji nikajifanya naangalia simu," anakumbuka. "Nasoma damu za watu kila siku, lakini siku hiyo nilielewa kusubiri ni kitu gani."

Muhidini alitoka. Hakuzungusha maneno.

"Dada Vene, Maua anao. Nimerudia, na kipimo cha pili kimekubali," alisema. "Mtamba ni msafi."

Ungedhani habari hiyo ilikuwa nusu mbaya, nusu nzuri. Kwa Veneranda, nusu ile nzuri ndiyo iliyomtisha zaidi. Mtamba aliyezaliwa na ng'ombe mgonjwa anaweza kuuficha ugonjwa mwilini, asionekane kwenye kipimo chochote hadi siku atakapozaa kwa mara ya kwanza. Si wengi wanaokuwa hivyo. Lakini akiwa mmoja wao, atazalia bandani kwa Bertha, na watakaokunywa maziwa ni wale wajukuu.

Makabidhiano yalikuwa Jumapili. Ijumaa akapanda basi.

Hakukaribishwa kwa vigelegele. Majibu ya hospitali yalikuwa yamekwisha kutoka, na Mama Apolonia naye alikuwa nao ugonjwa. Hilo alilipokea kwa utulivu. Hata kumpoteza Maua machinjioni alikubali, akasema tu kwamba yule ng'ombe hakuwahi kumpiga teke. Lakini aliposikia kwamba na mtamba asitolewe, aligeuka mbogo.

"Umesema mwenyewe kipimo kimemwona msafi," alimwambia binti yake. "Sasa nimsadiki nani, hicho kipimo chenu au wewe? Unataka Bertha aseme nimekula zamu yake?"

Veneranda alieleza kwa upole, akaeleza tena. Mama akatoka kwenda kukata majani. Walikula chakula cha jioni kama wageni wawili waliokutana stendi.

Jumamosi asubuhi, wakiwa wanamenya viazi, Veneranda aliuliza swali ambalo huwauliza wafugaji kila siku kazini. Aliuliza kama Maua aliwahi kutupa mimba.

Mama aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimekwisha kumenyeka. Kisha akanyoosha kisu kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye mipeasi.

"Pale," alisema. "Mimba ya kwanza kabisa. Nilimvuta kwa mikono yangu, nikamzika kabla watu hawajaamka."

Ili kuelewa kwa nini alifanya hivyo, lazima kuielewa kanuni ya kikundi. Mwanachama ambaye ng'ombe wake wa mkopo anatupa mimba alihesabiwa kuwa mzembe: hamlishi, hamwangalii, labda anampiga. Ng'ombe aliweza kunyang'anywa na kupewa mwingine. Kanuni ilitungwa kwa nia njema, kuwalinda ng'ombe. Matokeo yake ni kwamba hakuna mama hata mmoja katika kikundi chote aliyewahi kuripoti mimba iliyotupwa, na viongozi walikuwa wakijisifu kwa hilo kwenye mikutano ya parokia.

Veneranda anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka. Si kwa sababu ya ugonjwa. Alimfikiria mama yake peke yake gizani, akichimba, akiogopa kuitwa mvivu, mwanamke ambaye hajawahi kulaza damu hata siku moja.

Alijitolea kusimama yeye Jumapili na kueleza kitaalamu, bila kutaja mipeasi. Mama alikataa.

"Wewe ni mgeni wao," alimwambia. "Utaongea, utapanda basi. Mimi ndiye nitakayekutana na Bertha kisimani."

Baada ya misa watu walikusanyika uwanjani. Bertha alikuwa amevaa kitenge kipya, wajukuu wamepakwa mafuta wanang'aa. Katibu wa kikundi, Bartholomeo, aliyewekwa na parokia, alimkaribisha Mama Apolonia mbele kwa maneno ya kumsifu. Alisimama, akasalimia kwa Kihehe, "kamwene", wakaitikia. Kisha akageuka asiwatazame wao, akamtazama Bertha.

"Bertha mdogo wangu, huyu mtamba leo sikupi," alisema. "Mama yake ana ugonjwa wa kutupa mimba. Alitupa, nikazika, nikawaficha. Nikikupa nitakuwa nakufunika macho. Mnifanye mnavyotaka."

Bertha alishusha macho, akawavuta wajukuu karibu naye.

Ndipo Mama Eveline, mwanamke mnene mcheshi anayeongoza kwaya, akasimama kutoka nyuma. Safari hii hakuwa anacheka. Alisema na yeye alizika, mwaka juzi, nyuma ya choo. Akakaa. Mwingine akainua mkono bila kusimama. Kisha mwingine. Wengine walikuwa wakilia, na si wote waliosema. Veneranda, aliyekuwa amejibanza ukutani, anasema hakuwahi kupata majibu mengi kiasi kile kwa siku moja, na hakukuwa na hata tone moja la damu juu ya kigae.

Bartholomeo aliomba makabidhiano yasimamishwe. Kabla ya Krismasi ng'ombe wote wa kikundi walikuwa wamepimwa, waliokutwa na ugonjwa wakaenda machinjioni mbele ya mkaguzi wa nyama, Maua akiwamo. Kanuni ya uzembe ilifutwa. Siku hizi anayewahi kuripoti ng'ombe aliyetupa mimba husaidiwa na wenzake kufukia na kusafisha banda, akiwa na glovu.

Mama Apolonia alimeza dawa kwa wiki kadhaa, akikaa kwa mtoto wake wa kiume Kihesa, mjini Iringa, na kulalamika kila siku kwamba maziwa ya mjini ni maji. Homa za jioni zimekoma. Kiuno kinamkumbusha tu mvua ikikaribia.

Mtamba bado yuko kwake, katika banda la peke yake, na sasa ana mimba. Kila Jumamosi Bertha anakuja na mzigo wa majani. Wanawake hawa wawili walikaa bila kusalimiana vizuri kwa miezi, na Mama Apolonia hafichi kwamba ilimuuma. Siku moja Bertha alikuja tu, akatua majani, akaomba maji ya kunywa. Hawakuongea habari zile, wakaongea habari za njegere.

Huko Mbeya, simu ya Veneranda haipumziki. Akina mama wa Kilolo humpigia hata akiwa kanisani. Ng'ombe akikohoa wanampigia. Akitupa mimba wanampigia kabla hawajampigia mume.

"Zamani walizika wakanyamaza," anasema. "Sasa mtu ananipa habari mbaya na mimi namshukuru Mungu. Muhidini ananiona kama nimechanganyikiwa."

Mtamba anatarajiwa kuzaa mwezi ujao. Wiki kadhaa baadaye damu yake itachukuliwa, itapanda basi, na Muhidini ndiye atakayeisoma. Veneranda amekwisha kuomba likizo, lakini si kwa ajili ya majibu. Anataka kuwa bandani siku ya kuzaa, kwa sababu anamjua mama yake: atataka kumpokea ndama kwa mikono mitupu, na glovu hatavaa mpaka avalishwe na mtu wa kumwogopa.

Mtamba akitoka salama kwenye kipimo, ataondoka yeye na ndama wake kwenda kwa Bertha, na mipango ya sherehe imekwisha kuanza kunong'onwa. Na kama kwenye kigae zitatokea chenga?

Veneranda anavua barakoa. Anasema itamuuma sana, kwa ajili ya wale wajukuu, na atakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Lakini kuongea hataongea yeye.

"Mama atakwenda kwa Bertha mwenyewe, kwa miguu, mchana," anasema. "Na Bertha atamfungulia mlango."