Hesabu za Mpiga Tromboni

Wifi yangu Marlys Engebretson ni mtu wa kelele, na nasema hivyo kwa mapenzi. Anapiga tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta na kusukuma, na tangu kaka yangu Orrin amwoe hakuna Krismasi iliyopita nyumbani kwa mama bila mbwa wa jirani kuitikia. Asubuhi anauza mbegu na chakula cha ng'ombe kwenye duka la ushirika hapa kwetu Halvorsund. Mchana anafundisha bendi ya shule, na Jumapili anaongoza kwaya ya kanisa. Hiyo kazi ya bendi alikuwa akiifanya kwa kibali cha muda, na neno hilo "muda" ndilo lililotuletea balaa.

Mwaka juzi, theluji ya kwanza ilipoanguka, mkuu wa shule, Bwana Tollefson, alimwita ofisini akamwambia jimbo limechoka kuongeza vibali vya muda. Mwalimu wa muziki awe na shahada, basi. Kama Juni itafika Marlys hana shahada, chumba cha bendi kitafungwa, na mtoto anayetaka kupuliza chochote atapanda basi aende shule ya mji wa jirani. Sote tulijua maana yake. Watoto wetu jioni wanakamua ng'ombe, nani atapanda basi? Bendi ingekufa, na wifi yangu angebaki na magunia yake ya mbegu.

Mtu angeweza kudhani Marlys hakusoma. Alisoma. Alimaliza muziki wote uliofundishwa pale chuoni, akafanya na mazoezi ya ualimu. Lakini vyuo vya kwetu vina tabia yao: hata ukienda kusomea kupuliza tarumbeta, watakulazimisha usome na vitu vingine visivyopulizwa. Marlys alisoma historia. Alisoma kuandika insha. Alisoma mawe, na hayo aliyapenda mno, hadi leo akiona jiwe la ajabu kando ya barabara Orrin lazima asimamishe gari. Likabaki somo moja la lazima, hesabu, na hilo alilikimbia kila muhula akisema atalichukua ujao. Halafu akakutana na kaka yangu kwenye dansi, na muhula ujao haukuja.

"Sasa mtu wa tromboni, hesabu za nini?" Orrin aliuliza jioni ile tukiwa mezani kwao.

"Walisema ni ili niwe mtu kamili," Marlys akajibu.

"Kwani sasa hivi wewe ni nusu?" nikamuuliza.

"Robo tatu, wifi. Muulize kaka yako, ndiye anayelala na hiyo robo tatu."

Orrin akainamia viazi vyake, masikio mekundu. Tukacheka, lakini niliona Marlys hajagusa chakula. Kwa mtu anayependa nyama ya kusaga na viazi vya oveni kama yeye, hiyo ni dalili mbaya. Nikamwambia waziwazi kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aanze kuinama kesho. Akapiga simu chuoni. Wakamwambia masomo yake ya zamani bado yanahesabika, alete hilo moja tu, na alama isipungue C. D ingempa pole na kumrudisha nyumbani.

Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi, mwendo wa saa moja kwa gari. Niliendesha mimi, kwa sababu Marlys akiwa na wasiwasi hupiga ngoma kwenye usukani, na barabara zetu Januari ni barafu tupu. Kukaa garini kwenye baridi ile ni kujitafutia kifo, kwa hiyo mwalimu akaniruhusu nikae nyuma ya darasa na ufumaji wangu. Mwalimu mwenyewe alikuwa binti mdogo, Pachia Vang, wa wale Wahmong waliohamia Saint Paul kutoka Asia, mpole, anayeandika ubaoni bila kukwaruza. Nilimpenda siku ileile.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Asilimia Marlys anazijua, maana anauza mbegu kwa bei ya punguzo. Halafu ikaja karatasi ya miraba. Unachora mstari kutoka nukta moja hadi nyingine, unahesabu umepanda miraba mingapi na umekwenda kando mingapi, unagawanya, unapata mteremko. Basi hapo ndipo wifi yangu alipozama. Alifuata kila hatua kama alivyofundishwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na kila jibu likatoka kosa. Jaribio la kwanza, kosa. Akarudia nyumbani mpaka Orrin akaanza kuota miraba. Jaribio la pili, kosa. Kilichobaki ni mtihani wa mwisho, na karibu nusu yake ni hiyo miraba.

Siku aliporudishiwa jaribio la pili hakupiga ngoma popote. Alikaa garini mikono mapajani.

"Niache, wifi," akasema. "Kichwa hiki kimeshajaa. Nitamwambia Tollefson atafute mtu mwingine."

"Atamtoa wapi, chini ya barafu?"

"Watoto watazoea."

Hapo nikapandwa na hasira kwelikweli. Nilimwambia kwamba nimemvumilia akipiga tromboni juu ya kichwa changu kila Krismasi, nimemvumilia akiweka mawe kwenye dirisha la mama yangu, lakini sitamvumilia akiniambia watoto watazoea. Nikazima gari. Nikamshika mkono wa koti nikamrudisha ndani, mtu mzima, kama mtoto aliyetoroka shule. Mwalimu Vang alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu," nikasema, "huyu ana akili, ila kuna kitu kinamla humo ndani. Mtafute huyo mdudu. Sisi hatuna haraka."

Akatutazama, akaweka kifutio chini. Akatandika karatasi ya miraba mezani akaweka nukta mbili.

"Mama Engebretson, hebu nihesabie kwa sauti. Kutoka nukta hii ya chini mpaka usawa wa ile ya juu, umepanda mingapi?"

Marlys akaweka kidole kwenye nukta ya chini. "Moja," akasema, kidole hakijaenda popote. Ndipo akapanda. "Mbili. Tatu. Nne. Tano."

"Ni nne."

"Ni tano, binti yangu. Nimehesabu sasa hivi mbele yako."

"Mbona unahesabu na hapo ulipoanzia?"

"Si ndipo nilipo?"

Marlys akaona kama anasaidia, akaanza kumfafanulia kwa upole, mwalimu kwa mwalimu. Kwetu sisi wa muziki, alisema, kutoka do mpaka so ni tano. Do moja, re mbili, mi tatu, fa nne, so tano. Ile unayoanzia nayo ina sauti yake, huwezi kuiruka. Ndivyo alivyofundishwa akiwa mtoto na ndivyo anavyofundisha. Ndiyo maana ukipanda tatu, do mpaka mi, halafu ukapanda tatu nyingine juu yake, mi mpaka so, unapata tano.

"Samahani," mwalimu akasema. "Tatu na tatu?"

"Tano. Na nane juu ya nane ni kumi na tano. Muulize mwanamuziki yeyote."

Yule binti akavuta kiti akakaa. Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ningejua. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kimyakimya cha mabega, na Marlys akamtazama, akaitazama karatasi, akajitazama kidole. Nikaona usoni mwake mahali hasa jambo lilipomwingia. Akacheka na yeye, akacheka mpaka akashika meza. Ufumaji wangu uliharibika safu nzima.

"Kwenye hesabu, mama," mwalimu akasema akijifuta macho, "hapo ulipo ni sifuri."

Kicheko cha Marlys kikakatika. "Miaka yote hii nimesimama hapa, kumbe ni bure?"

"Siyo bure. Ni kwamba bado hujaondoka."

Marlys alilitafuna neno lile kwa muda. Mimi pia, nisiseme uongo. Halafu akarudisha kidole kwenye nukta ya chini akasema, "Basi hapo ni pumzi." Kwa sababu mpulizaji, kabla ya sauti ya kwanza, huvuta pumzi, na pumzi ile haina namba. Akavuta pumzi kidole kikiwa pale pale. Akapanda: moja, mbili, tatu, nne.

Kuanzia hapo nyumba ya kaka yangu ikawa ya kuvuta pumzi. Marlys alipanda ngazi akivuta pumzi chini. Alihesabu magunia dukani akivuta pumzi mbele ya gunia la kwanza, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama ana pumu. Ubaya ni kwamba mazoea hayachagui siku. Jumapili ya Pasaka, kanisa limejaa, alinyanyua mikono mbele ya kwaya akawapa pumzi badala ya moja, na sauti ya nne wakaingia peke yao huku wengine wakimkodolea macho. Mchungaji alidhani ni mtindo mpya. Alikuja kuusifu baadaye wakati wa kahawa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha.

Siku ya mtihani nilikaa ukumbini nje ya mlango. Kimya chote kile, nikawa namsikia wifi yangu ndani, akivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kijana mmoja akalalamika. Nikamsikia mwalimu Vang akimjibu kwa sauti yake ileile ya upole kwamba kupumua hakujakatazwa.

Matokeo yalikuja mchana wa tamasha la mwisho wa mwaka. Nilikuwa chumba cha bendi nikipanga keki ndogo za chokoleti nilizooka, watoto wakifunga vyombo vyao. Simu ya Marlys ikalia mlio wa ujumbe. Marlys akasoma, akanipa nisome, na uso wake haukuniambia chochote. Nilikuwa sina miwani. Nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu.

"Ni C au ni D?" nikamuuliza. "Hizi herufi zote mbili zina matumbo."

"C, wifi."

Nilimkumbatia nikampaka chokoleti koti lake la tamasha. Orrin, tulipompigia, akasema anakuja na maua, na kweli alikuja na maua, ya kituo cha mafuta, na bei ikiwa bado juu yake. Sijawahi kumwona kaka yangu amependeza hivyo.

Lakini kilichonimaliza mimi kilikuja kabla ya Orrin. Msichana mmoja wa darasa la tano, Britta Kjos, alimfuata Marlys akauliza kama mwakani anaweza kuanza honi, lile tarumbeta la kujiviringa kama konokono. Watoto walikuwa wakiomba hiyo honi kila mwaka, na kila mwaka Marlys aliwakatalia akawapa filimbi au ngoma. Honi haifundishwi kwa mwaka mmoja, naye, kwa kibali kile, alikuwa mtu wa mwaka mmoja mmoja. Hakutaka kumwanzishia mtoto jambo halafu amwachie njiani.

Akaenda kabatini, akaitoa, akapangusa vumbi kwa mkono wa koti. Akampakatisha Britta.

"Hii itakutesa," akamwambia. "Miaka mitatu hivi utatoa sauti ya ndama, na mama yako atakutuma ukapigie zizini."

"Halafu?"

"Halafu wa nne utaanza kupiga vizuri. Mimi nitakuwa hapa hapa nakusikiliza."

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hiyo haikuwa habari, akaanza kutafuta pa kuweka midomo. Mimi ndiye niliyetoka nje, nikajifanya nimesahau visahani garini, nikakaa huko mpaka macho yakakauka.